Kondoo Hapimwi kwa Mkono

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mkaza mjomba naye shikamoo yake, na goti lake pia, maana nasikia siku hizi ndilo linaloamua kama atatoka au atabaki ndani. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, lakini ukuta wenyewe ni msafi, sina malalamiko. Kazi naendelea nayo. Bado niko kwenye mizani ya machinjio: kondoo akishachunwa, nyama inaning'inizwa kwenye ndoano, inapita mbele yangu, nasoma mshale, naandika. Naanza alfajiri, namaliza saa sita. Mikono inanuka mafuta hata nikiisugua kwa ndimu.

Utauliza kwa nini naandika barua na simu ipo. Mjomba, simu yako inachajiwa dukani kwa Baba, na ukipigiwa unapokelea hapo hapo kaunta kwa kuwa ndipo mtandao unaposhika. Ninayotaka kusema leo si ya kaunta. Fundi cherehani anakuja mjini kununua vitambaa, barua zetu zitapita kwake.

Wiki iliyopita niliona sikio. Vichwa huwa vinapangwa chini, karibu na mizani, vikimsubiri daktari wa mifugo avikague. Nikaona kichwa chenye alama: kata mbili chini, tundu moja juu. Ulinifundisha mwenyewe nikiwa na miaka sita, nimekaa juu ya ukuta wa zizi lako, kwamba hiyo ni alama ya babu na hakuna mwingine anayeitumia. Vilikuwa vichwa vitatu. Namba ya kichwa na namba ya nyama ni moja, kwa hiyo nikatazama kwenye daftari. Wa kwanza, nyama tupu, bila kichwa, ngozi wala utumbo, kilo kumi na tisa. Wa pili kumi na nane. Wa tatu kumi na nane na nusu. Kondoo anayetoa nyama hiyo, akiwa hai, anacheza kwenye kilo arobaini.

Aliyewaleta ni Baba. Jina lake nililiandika kwa mkono wangu.

Nina swali moja tu, Mjomba. Siku ile ulipomuuzia mnadani, Baba alipowapapasa mgongo, alikukadiria kilo ngapi kwa kila mmoja?

Mpwa wako,
Kiroboto

2 Machi

Kwa Kiroboto,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikiwa imechelewa, kwa sababu fundi aliiweka kwenye mfuko wa suruali ya mteja, na mteja akaja akaichukua suruali yake. Bahati nzuri mteja ni mwaminifu na miwani yake ilishavunjika.

Mkaza mjomba wako amesikia ulivyolisalimu goti lake, akacheka mpaka likamuuma. Jua ni kali. Kondoo wanatoka asubuhi na kurudi jioni, na katikati hapo sijui wanakula nini, labda wanakula njia. Mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa mbali. Mamako hajambo. Nilimwona Jumapili akianika mahindi, akaniuliza kama umeandika, nikamwambia bado. Sikupenda kumdanganya lakini ndivyo ilivyotoka.

Swali lako nimelisoma. Mambo yangu na shemeji ni ya watu wazima. Yeye ni dalali, kazi yake ni kukadiria. Anaweka mkono mgongoni mwa kondoo, anafumba macho, anataja bei, na sisi tunaitikia. Ndivyo mnada wetu unavyokwenda, na huo mnada umekuwepo kabla hujaota meno. Wewe piga kazi yako, tunza afya, usile vya barabarani kila siku.

Na usimwandikie mamako juu ya hili. Nasema tena, usimwandikie.

Mjomba wako

Alisema ishirini na tano.

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hapa mvua imenyesha mara mbili na choo cha jirani kimefurika, hizo ndizo habari zote za nyumbani kwangu.

Ishirini na tano. Nimeikunja barua yako, nikaikunjua, nikaisoma tena, bado ni ishirini na tano. Kwa kila kondoo umetoa kilo kumi na tano bure. Ukiuza watatu, mmoja mzima umempa Baba zawadi, na wewe ndiye uliyemchunga. Unaniambia ni mambo ya watu wazima. Mimi nina miaka ishirini na mitano na kodi ya chumba nalipa mwenyewe. Angekuwa mtu baki ningepiga kelele mpaka sokoni. Kwa kuwa ni Baba, ndiyo nimsitiri? Sitaki.

Sasa nisikilize. Kuna mama hapa mwenye bucha tatu, watu wanamwita Mama Bucha. Anapeleka nyama kwenye shule za bweni na hotelini. Nilimuuliza kwa nini hanunui huko kwenu moja kwa moja. Akasema amechoka kununua mbavu na kwato. Anataka kondoo walioshiba, kilo thelathini na tano kwenda juu, na wawe thelathini kwa mpigo mmoja. Wakifika idadi hiyo analeta lori, wanapimwa kwa mizani mbele ya wenye kondoo, na analipa kwa kilo hapo hapo. Wakipungua hata mmoja, lori linarudi tupu.

Wewe unao kumi na wawili. Waliobaki wako mazizini kwa jirani zako. Wanachohitaji ni kula, Mjomba, si kutembezwa. Wape dawa ya minyoo kwanza. Mvua ikishika, kata majani yakiwa bado laini, yaanike, yaweke juu ya dari. Maganda ya maharage acha kuyachoma moto, hicho ni chakula. Marando ya viazi, majani ya lusina, jiwe la chumvi la kulamba, maji safi kila saa. Halafu pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, hivyo ndivyo vinavyonenepesha. Naandika haraka, fundi amesimama mlangoni na basi lake linapiga honi. Anza leo, usinijibu kwanza.

Kiroboto

10 Aprili

Kiroboto,

Goti la mkaza mjomba limepona, sasa maumivu yamehamia begani, anasema yanatafuta pa kujenga. Mvua imeshuka vizuri. Mamako anakusalimu sana, safari hii nilimwambia umeandika.

Nilisema sifanyi. Nilikaa siku mbili nikisema sifanyi. Siku ya tatu nilikuwa mnadani, na mjane wa seremala akamleta kondoo wake, yule mweusi. Shemeji akaweka mkono, akafumba macho, akataja ishirini. Yule mama akasema asante. Kiroboto, nimeona mengi mnadani pale, lakini hiyo asante ndiyo iliyonitoa. Nilimfuata nikamwambia mrudishe kondoo nyumbani. Akaniangalia kama nimelewa, lakini akamrudisha.

Tangu hapo nimepita nyumba saba. Watu wanamwogopa shemeji. Duka ni lake, mashine ya kusaga ni yake, na ukimkasirisha, mashine inaharibika siku ya zamu yako. Lakini wenye watatu wamesema ndiyo, mwenye wanne amesema ndiyo kwa sauti ya chini, mjane ana wawili. Tukijumlisha na wangu, thelathini watafika kama watu hawatageuka.

Nimeunda hori la kulishia kwa mabati ya zamani. Dari imejaa majani makavu, mkaza mjomba analalamika kwamba nyumba sasa ni ya kondoo na sisi ndio wapangaji. Shemeji alipita, akaliona hori, akacheka, akasema mzee ameanza kufuga ng'ombe wa kizungu. Nilimwacha acheke. Pumba na mashudu nimewapa kama ulivyosema. Wote kumi na wawili wanakusalimu.

Nina kaswali kadogo, si kangu, ni ka mtu mmoja aliyeniuliza njiani. Kondoo ambaye hajawahi kuonja pumba, akala ndoo nzima siku ya kwanza, huwa anakuwaje?

Mjomba wako

24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kwa salamu fupi. Huyo mtu aliyekuuliza njiani mwambie kondoo huyo anavimba ubavu wa kushoto, anasaga meno, anakataa majani, na mara nyingi hafiki siku ya tatu.

Kisha mwambie kosa si lake, ni langu. Nilijua. Daktari wa mifugo hapa husema kila wiki: majani makavu yatangulie, pumba zianze kwa konzi moja tu, uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili, tumbo lizoee. Nilikuandikia kila kitu isipokuwa hilo, kwa sababu ya honi ya basi. Haraka haraka haina baraka, na mimi haraka yangu imeua kondoo wa mtu.

Wa kumi na mbili ni yupi, Mjomba? Usiniambie ni Mheshimiwa.

Pamoja na barua hii fundi anakuletea mizani ya kuning'iniza. Ni ya zamani, machinjio waliiuza kama chuma chakavu, nikampelekea fundi wa mizani akairekebisha. Usiiamini kwa sababu imetoka kwangu. Ijaribu kwa mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, mbele ya watu, ili pasiwe na mwenye neno.

Mwandiko wangu ukiwa mbaya vumilia. Siku hizi mikono inashinda majini.

Kiroboto

20 Mei

Kiroboto, mwanangu,

Ni Mheshimiwa. Umemjua tangu akiwa kitoto, wewe ndiye uliyempa jina kwa kuwa alikataa kunywa maji baada ya wenzake. Nilimmwagia ndoo nzima. Alikula akanitazama, nikamwongezea. Nilidhani kumjaza ndiyo kumpenda. Alfajiri ya siku ya pili alikuwa amevimba, akaja akaegemea mguu wangu, na hapo hapo akafa. Nilikuandikia kumi na wawili kwa sababu kalamu ilikataa kuandika kumi na mmoja. Na usijipe kosa. Nimefuga kondoo tangu sijajua kuvaa viatu, ningeweza kusubiri barua nyingine kabla ya kumwaga ndoo.

Waliobaki nimewalisha kwa konzi, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kiroboto, wamebadilika. Ukiweka kiganja mgongoni huusikii tena uti. Jirani mwenye wanne alikuja kuona, akarudi kwake bila kuaga, kesho yake nikamkuta anakata majani ya lusina.

Mizani tumeitundika kwenye boriti, pale uwanjani mbele ya mashine ya kusaga. Tuliweka mfuko wa saruji, mshale ukasimama hamsini. Tukautoa, tukaurudisha, hamsini. Mwalimu wa darasa la kwanza akataka naye apimwe, tukamning'iniza, watoto hawajamaliza kucheka mpaka leo.

Shemeji akaitisha kikao cha familia, kwake. Nilikwenda. Mamako alileta chai na kusimama mlangoni muda wote, hakukaa. Shemeji alisema mengi: kwamba nimemvunjia heshima, nimewageuza wateja wake, nimetumia mtoto wake kumpeleleza, na kwamba niombe radhi mbele ya wote ndipo mambo yaishe. Nikamwambia, "Shemeji, mkono wako nimeuitikia miaka kumi na mitatu. Mizani iko uwanjani. Chagua kondoo yeyote, wewe uweke mkono na mimi nisome mshale. Vikikubaliana, nitakuomba radhi nimepiga magoti." Akasema yeye hashindani na chuma. Chai niliiacha nusu.

Sasa kuna jambo ambalo hukuniuliza, lakini najua linakukera: kwa nini nilinyamaza miaka yote hiyo. Nilijua. Mwaka wa pili tu nilimpima kondoo mmoja kwenye mizani ya ghala la mahindi, nikajua. Nilitoka ghalani nimewaka, nikaenda moja kwa moja kwa dada, mamako. Akanishika mkono, akasema, "Kaka, mtoto anaingia shule ya bweni Januari."  Nikarudi nyumbani. Kila ilipokaribia Januari shemeji akapapasa, nami nikatazama pembeni.

Kwa hiyo ulisomeshwa na kondoo wangu. Niliwatoa kwa moyo mmoja, sidai, na ukithubutu kunirudishia chochote nitakufukuza hapa kwangu. Lakini shule ulimaliza miaka sita iliyopita, na ule mkono haujaacha. Basi imetosha.

Hili usimuulize mamako.

Mjomba wako

5 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa sakafuni. Nimelia kwa ajili ya Mheshimiwa, na nimelia kwa mengine pia.

Sijui nikushukuru au nikugombeze, kwa hiyo nafanya yote mawili. Asante. Na kwa nini, Mjomba? Miaka yote ya shule nilikuwa nikimpigia Baba magoti kwa ada ya muhula, naye ananiambia anavyojinyima kwa ajili yangu, na wewe ulikuwa unakuja likizo kunisalimu umevaa koti lile lile lenye kiraka. Naona aibu na nina hasira, na hasira ni kubwa kuliko aibu. Mama sitamuuliza, kwa kuwa umesema. Lakini si kwa sababu nakubaliana na wewe.

Nami nina langu nililokuficha. Sipo tena kwenye mizani. Mwezi wa nne Baba alikuja mjini amevaa koti lake la kikao, akaongea na msimamizi wetu kwa saa nzima ndani ya ofisi. Alipotoka alinipa mkono kama mgeni. Kesho yake nikapelekwa kuosha utumbo. Meza yangu iko pale vichwa vinapopita kwenda kwa daktari, maji ni baridi, kucha zimelainika. Msimamizi ameniambia nitarudi kwenye mizani siku nitakapoandika barua ya kumwomba Baba radhi kwa kutoa siri za kazi. Akanipa na karatasi kabisa, nyeupe, nzuri, yenye mistari.

Ndiyo hii unayoisoma.

Lori limepangwa Jumamosi tarehe 20 Juni, asubuhi. Thelathini, Mjomba, wasipungue.

Mpwa wako,
Kiroboto

21 Juni

Kiroboto,

Lori halikuja.

Tulikuwa uwanjani tangu saa moja asubuhi, kondoo thelathini, wamenawiri mpaka wapita njia wanasimama. Saa nne watu wakaanza kutazama barabara. Saa sita shemeji akatoka dukani na kiti chake, akakaa kivulini akitutazama. Saa nane akasema bado ananunua, kwa huruma tu, kwa bei ya mwaka jana. Wawili wakauza. Mmoja mtoto wake yuko hospitali, wa pili ni mwoga tu. Kondoo watatu wameondoka hivyo.

Saa kumi alisimama akaja kwangu. Akaweka mkono mgongoni mwa kondoo wangu, akafumba macho. Kiroboto, niliushika mkono wake nikautoa. Niliutoa taratibu, lakini watu wote waliona. Akaniuliza ninajua ninachofanya. Nikamwambia kwa mara ya kwanza, ndiyo, najua.

Tumerudi nyumbani na ishirini na saba. Mjane wa seremala alikuwa wa kwanza kumwaga majani horini. Sijauza na siuzi. Lori lisipokuja nitawatembeza mpaka huko mjini kwa miguu yangu, na mkaza mjomba amesema atabeba maji.

Fundi ana homa, barua hii sijui itaondoka lini.

Mjomba wako

22 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimeomba dereva wa magunia akufikishie hii, maana fundi haonekani. Giaboksi ya lori ilikatika mlimani, nusu ya safari, na mimi nilipopata habari ilikuwa jioni. Nilitaka kupiga simu. Kisha nikakumbuka simu yako iko wapi na nani angeipokea.

Nilikwenda kwa Mama Bucha nikamwambia ameniaibisha. Hajazoea kuambiwa hivyo na mwosha utumbo, lakini alinipa kiti. Anakuja Jumamosi tarehe 11 Julai na lori jingine. Sharti ni lile lile, thelathini, kwa sababu ameshaahidi shule. Endelea kuwalisha, wiki tatu hizo si hasara, ni kilo. Usiku wa kuamkia Ijumaa wape kama kawaida, usiku wa kuamkia Jumamosi waache bila chakula. Na mtu asiwape chumvi na maji mengi asubuhi ili wajae tumbo. Hiyo ni hila ya mnadani, mbele ya mizani ni aibu.

Sijui umebaki na wangapi. Sijui hata kama bado unaniamini.

Kiroboto

13 Julai

Kiroboto,

Salamu za huku ni nyingi, lakini leo zisubiri. Mkaza mjomba tu ndiye aliyesema nisianze bila salamu zake, kwa hiyo pokea.

Barua yako ilifika. Nilizunguka tena nyumba zote kutafuta watatu wa kujazia, sikupata. Kila mlango waliniambia polepole, tuone kwanza. Sikukuandikia kwa sababu fundi alikuwa bado kitandani, na ningekuandikia ungefanya nini? Nilijisemea kwamba dereva akikataa, nitalala mbele ya magurudumu.

Lori liliingia saa tatu asubuhi. Alikuja dereva na karani wa Mama Bucha, kijana wa kike mwenye daftari, hana maneno mengi. Tukaanza kupima. Nilikuwa nasoma mshale kwa sauti na yeye anasoma tena baada yangu. Jirani yangu mmoja, yule mwenye wanne, aliwanywesha maji ya chumvi alfajiri baada ya yote niliyomwambia. Kondoo wamevimba kama madebe. Nilimsimamisha pembeni, nikamwambia wake watapimwa mwisho, wakishakojoa. Alisubiri saa mbili na nusu huku watu wakimshangilia kila mara mkojo ulipotoka. Hatarudia.

Kondoo mweusi wa mjane wa seremala, yule wa kilo ishirini, alitoka thelathini na nane. Yule mama aliutazama mshale, akaomba arudishwe kwenye mizani tena. Si kwamba hakuamini. Alitaka kuona mara ya pili. Tulimrudisha.

Tulipomaliza, karani akahesabu. Ishirini na saba. Akahesabu upya kwa kidole. Nikamweleza yote, siku ya lori, wale wawili waliouza, nikamwomba. Akasema anaelewa lakini hawezi, tajiri wake kasema thelathini. Dereva akaanza kuwashusha wale waliokwisha kupandishwa. Kila aliyeshuka alikuja kwa mwenyewe, na wenyewe wakawa wananitazama mimi. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake mbele ya duka. Hakucheka safari hii, alinyoosha miguu tu, kama mtu aliyerudishiwa chake.

Hapo ndipo mamako alipotoka.

Alitokea nyuma ya duka na kondoo wanne, wale wake wa uani. Kumbe tangu mwezi wa tano alikuwa anawapa maganda ya maharage na pumba za mashine, konzi kwa konzi, kama nilivyowafundisha majirani, na mimi sikumwambia hata siku moja. Angeweza kuzunguka kwa njia ya nyuma. Alipita mbele ya duka, mbele ya kiti, katikati ya miguu ya mumewe na barabara. Shemeji alimwita kwa jina lake. Alimwita mara mbili. Yeye akaja mpaka kwenye mizani, akanikabidhi kamba, akasema, "Wapime, kaka. Nimechoka kukadiriwa."

Nikaanza kuwafunga mkanda wa mizani, mmoja mmoja. Wa kwanza thelathini na sita. Wa pili arobaini na moja. Wa tatu thelathini na saba. Wa nne alikuwa thelathini na mmoja, hakufikia. Karani akamtazama mamako kwa huruma. Mamako akaichukua kamba, akasema huyo atarudi naye kumlisha, wakija tena watamkuta. Wakawa thelathini. Dereva akaanza kupandisha upya, na yule jirani wa maji ya chumvi ndiye aliyekuwa anasukuma kwa nguvu kuliko wote.

Alilipwa mkononi mwake, si mkononi mwa mtu mwingine. Akaitia pesa mfukoni, akamshika kondoo wake mmoja, akarudi nyumbani kwake kwa mlango wa mbele. Shemeji aliinuka akasogeza kiti ili apite. Sijui usiku huo walisemezana nini, na sitauliza. Jana nilimkuta anaanika mahindi kama siku zote, akaniuliza kama wewe umeandika.

Kuna jambo moja nimebakiza. Unajua baba yetu alinipa mimi alama ya sikio, kata mbili chini na tundu juu. Dada hakupewa, kwa kuwa angeolewa aende kwa watu. Nilipokuwa namfunga kondoo wake wa kwanza niliona sikio limevimba na damu imekauka kwenye manyoya. Nikatazama wa pili na wa tatu. Alikuwa amewakata asubuhi ile ile, kwa wembe.

Barua hii itakufikia vichwa vikiwa vimeshapita mezani kwako. Kama uliona masikio matatu yenye kidonda kibichi, ukadhani mjomba wako amezeeka na hajui tena kukata, si mimi. Ni mamako. Tundu la juu limekwenda pembeni kidogo, lakini alama inasomeka.

Mjomba wako